Merikebu Iliyopasuka Gatini

Msomaji, usiku wa tarehe 16 Januari, 1943, merikebu mpya ya kuchukulia mafuta, jina lake Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini katika mji wa Portland, Marekani. Maji yalikuwa shwari. Mara kishindo kikubwa kikasikika, na merikebu ikapasuka karibu vipande viwili. Hapakuwa na adui wala mwamba; palikuwa na baridi tu. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, merikebu John P. Gaines ilikatika baharini karibu na Alaska, na watu 10 wakafa.

Siku zile za Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliunda merikebu kwa haraka mno. Zamani mabamba ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti, na ufa ulipozuka katika bamba moja, aghalabu ulikoma ukingoni mwake. Sasa mabamba yalichomelewa, yakawa kitu kimoja, na ufa ukapata njia ya kupita toka ubavu hata ubavu. Kwa hiyo wengi waliwalaumu wachomeleaji.

Lakini huko Cambridge, Uingereza, bibi mmoja mtaalamu wa metali, Constance Tipper, alikichunguza chuma chenyewe. Akaona kwamba chuma kile cha pua, ambacho hupindika penye joto, huvunjika kama kigae penye baridi.

Kwa nini? Atomi za chuma zimepangwa safu juu ya safu. Penye joto, safu hizo huteleza, na chuma hupindika. Baridi ikizidi, haziwezi kuteleza kwa wepesi. Basi nguvu isiyopata njia ya kukipinda chuma hukipasua. Shaba na alumini, ambazo atomi zake zimepangwa kwa namna nyingine, hazipatwi na udhaifu huo.

Baada ya vita, kaboni ilipunguzwa katika chuma cha merikebu na manganizi ikaongezwa, tena chuma kikawa hupimwa katika baridi kabla ya kutumiwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa merikebu zile haukumpa mtu nafasi ya kuuziba; dawa yake ilikuwa kuujua mpango wa atomi kabla bamba halijaundwa. Basi wewe unayechora atomi katika daftari lako la kemia, usidhani wachezea vijiduara. Roho za mabaharia zilitegemea elimu hiyo.