Moto Likasi: miji jirani inaweza kusaidiana namna gani?

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120 kwa barabara ya taifa namba 1. Kamyo ya wapompie yenye kujaa maji, hata ikitembea kilometa 60 kwa saa bila kusimama njiani, inafika kisha masaa mawili. Nyumba yenye godoro, mbao na bidoni ya esansi ndani haingoje masaa mawili. Kambove iko karibu zaidi, kilometa kama 25, lakini hata pale hesabu ni nusu saa, kama kamyo iko na mazutu na shofere yuko macho.

Kwa hiyo tukisema miji isaidiane kuzima moto, kuna vitu viwili ambavyo watu wanachanganya. Dakika za kwanza ni za watu wa avenyu yenyewe. Msaada wa jirani ni wa kisha hapo, wakati maji ya kwanza yamekwisha. Na yanakwisha mbio: tuchukue kamyo yenye litri 3,000 na tuyo moja inayotoa litri 250 kwa dakika. Ni dakika 12 tu. Kama hakuna kamyo ya pili, wapompie wanabaki kuangalia sawa wewe na mimi.

Je, sheria inaruhusu? Ndiyo, na watu wengi hawajui. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 199, inasema majimbo mawili au zaidi yanaweza kupatana na kusimamia pamoja kazi fulani, na ruhusa hiyo inafika pia kwa miji, komini, sekta na sheferi, kila mmoja kwa mambo yaliyo katika uwezo wake. Tangu Katanga ikatwe vipande vinne mwaka 2015, Likasi iko Haut-Katanga na Kolwezi iko Lualaba, lakini mpaka huo haukatazi mapatano. Kuna tundu moja lakini: teritware haihesabiwe pamoja na hao. Msimamizi wa teritware anasimama kwa niaba ya serkali, kwa hiyo ukitaka mapatano na vijiji vya kandokando, unapaswa kupitia sekta ao sheferi.

Wenye kujitolea nao si mchezo wa watoto. Ufaransa, ambako tumetoa jina la pompie, karibu wanne kwa watano ni watu wa kujitolea: mwalimu, mfundi wa magari, mwenye boulangerie, wanaoacha kazi wakati wanaitwa. Zamani kila komini ilikuwa na wake. Sheria ya mwaka 1996 ikawaweka pamoja chini ya département, ili kamyo iliyo karibu ndiyo iende, bila kuuliza moto umewaka kwa nani. Lakini mtu wa kujitolea kule anafundishwa, anapewa nguo na kofia, na akiumia anatunzwa. Kwetu mtu anaweza kusema «kijana atajitolea» akimaanisha kijana atafanya kazi bure na mkono mtupu. Hapo mimi sikubali.

Karatasi ya mapatano inapaswa kusema nani analipa mazutu, nani anaongoza wakati makundi mawili yamefika, na nani anatunza familia ya aliyeumia. Halafu kuna kitu kidogo chenye kuleta aibu kubwa: rakori, yaani kile chuma cha kuunganisha tuyo na tuyo. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua. Wapompie wa Washington, Philadelphia na New York walikuja kusaidia. Tuyo nyingi walizoleta zilikataa kuingia kwa mabomba ya Baltimore, sababu kila mji ulikuwa na kipimo chake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Magari yetu yanatoka Ulaya, Uchina, Afrika ya Kusini, na kila moja linaweza kuja na rakori yake. Kuzipima siku moja, kamyo kando ya kamyo, hakuombi bajeti.

Sasa Shituru yenyewe. Kiwanda cha shaba kilichoanzishwa na Union Minière mwaka 1929, ambacho leo ni cha Gécamines, kinatumia asidi ya sulfuriki kutoa shaba katika mawe. Asidi hiyo hiyo inatembea barabarani. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye njia ya Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na basi na watu zaidi ya kumi wakafa. Pompie wa kujitolea aliyefundishwa moto wa nyumba tu anaweza kufanya kosa hapa: ukimwanga maji ndani ya asidi kali, inachemka na kuruka. Na asidi iliyochanganyika na maji ikigusa chuma inatoa hidrojeni, gazi yenye kuwaka. Kwa hiyo mapatano yasiyo na kiwanda mezani hayatoshi. Kiwanda ndicho kinajua nini kiko katika tanki gani.

Kazi ya kwanza ya wenye kujitolea, kwa asidi kama kwa mafuta, ni kusukuma watu nyuma. Sange, kati ya Bukavu na Uvira, tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya mafuta ilipinduka, watu wakakaribia, wengine na bidoni, na moto ukaua zaidi ya 230. Hakuna kamyo ya mji jirani ingefika mbele ya moto ule. Watu watano wenye kamba na filimbi wangeweza kujaribu.

Na kama asidi imegusa mwili wa mtu: toa nguo, mwaga maji mengi yenye kutiririka kwa dakika 20 hivi bila kuacha, halafu hospitali. Hapo maji ndiyo dawa. Usipake mafuta wala dawa ya meno.