Safari ya Ugogo: Kuijua Asili Yetu

Watoto wengi wa Wagogo siku hizi huzaliwa mbali na Ugogo. Wako Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko, na huko husikia kabila lao likitajwa kwa dhihaka, kana kwamba Mgogo na ombaomba ni neno moja. Mtoto asiyejua habari za wazee wake hana la kujibu. Huinamisha kichwa, na mwisho hulificha kabila lake. Kwa hiyo twaona yafaa wazazi wafanye shauri la safari, wawapeleke watoto Ugogo, si kwa matembezi tu, bali kwa kujifunza.

Haja hii si ya Wagogo peke yao. Waarmenia walitawanywa katika nchi nyingi tangu mwaka 1915, walipouawa na kufukuzwa na serikali ya Waturuki, na wajukuu wao hata leo hufunga safari kwenda Armenia kutafuta habari za babu zao. Mtu aliyetawanyika hana budi kuuliza alitoka wapi na kwa sababu gani.

Basi safari na ianzie Mpwapwa. Hapo misafara iliyotoka pwani ilikuwa ikipumzika na kujaza vibuyu vyake, maana mbele yake lilikuwako pori la Marenga Mkali, lisilokuwa na maji mema. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wasafiri kama hao waliandika kwa uchungu juu ya hongo, yaani nguo, shanga na nyaya walizotozwa na kila mtemi wa Ugogo. Lakini sisi tufikiri vema. Maji yale yalikuwa ya visima vilivyochimbwa kwa mikono ya wenyeji katika nchi kame, na msafara wa mamia ya watu waweza kukausha kisima kwa siku moja. Nafaka nayo ilikuwa jasho la mkulima. Je, mwenye kisima hana haki ya kudai malipo? Basi mtoto na ajue ya kuwa siku zile mwenye kuomba maji na chakula alikuwa mgeni, na mwenye kutoa alikuwa Mgogo.

Kutoka Mpwapwa twendeni Dodoma. Wazee husimulia ya kuwa jina hilo latokana na neno la Kigogo, Idodomya, yaani mahali palipozama, kwa sababu tembo alizama pale katika matope. Reli ya Wadachi ilifika hapo mwaka 1910. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na leo wageni huyasifu majengo yake. Lakini atakayetazama majengo tu atarudi hajui neno lililo kubwa kuliko yote katika historia ya Ugogo, nalo ni Mtunya.

Mtunya ni jina la njaa ya miaka ya 1917 hata 1920. Maana yake ni kugombania. Katika Vita Kuu, majeshi ya Wadachi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliiteka Dodoma, nao pia wakachukua ng'ombe, nafaka na watu. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, na ng'ombe, ambao ndio akiba ya Mgogo siku ya njaa, walikuwa wamekwisha. Yakadiriwa kuwa katika watu 150,000 walikufa 30,000, yaani mmoja katika kila watu watano. Waliosalia walitafuta chakula kwa majirani na kazi kwa wageni. Basi umaskini huu haukutokana na uvivu. Nchi ya ukame yaweza kuvumilia mwaka wa jua kali ikiwa akiba yake ipo. Akiba ikinyang'anywa, haivumilii.

Baada ya mjini, ni lazima kufika vijijini, kama vile Mvumi, au magharibi huko Bahi. Huko mtoto na aamkie kwa kusema "mbukwenyi", ale ugali wa uwele kwa mlenda, aulize jinsi tembe ilivyojengwa, nyumba ya kuta fupi na paa la udongo, ifaayo nchi ya jua na upepo. Na asikilize zeze na ilimba, na ngoma ya muheme ipigwayo na wanawake. Muziki huo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka katika nchi nyingi za dunia, na watu wakamsikiliza kwa heshima. Ajuaye kusoma na atafute pia kitabu cha Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954.

Tena tusiende kwa majivuno. Koo nyingi za Wagogo husema zilitoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Ugogo wenyewe ulijengwa na wahamiaji waliopokewa, wakafanywa ndugu. Kwa hiyo aijuaye asili yake vizuri hawezi kumdharau mgeni.

Wakati ufaao ni tangu Juni hata Agosti. Mvua za Dodoma, kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, hunyesha Desemba hata Aprili, na wakati huo watu wako mashambani. Baada ya mavuno wazee wana nafasi ya kuzungumza. Chukueni zawadi kidogo na daftari. Ulizeni: ukoo wetu ulitoka wapi? Makaburi ya wazee wetu yako wapi? Wakati wa Mtunya watu wetu walikimbilia kwa nani, na nani aliwapokea?

Walioiona Mtunya kwa macho wamekwenda zao. Waliosimuliwa nao ni wazee sasa, na kila mwaka wapungua. Daftari lisiloandikwa mwaka huu, huenda mwakani likakosa wa kulijaza.