Kisanduku cha Kioo: Namna Leica Ilitafuta Kuona Mbali

Mwacha mila ni mtumwa, wazee wanasema. Neno hilo tunalirudia mara nyingi. Lakini kuna ulizo lenye kulifuata: mila ikikutana na kazi ambayo haikuumbwa kwa ajili yake, tufanye nini? Tuipige kiraka, tujenge ingine, ao tukubali mpaka wake? Safari hii tunajibu kwa njia ya historia ya aparei ya foto, kwa sababu ufundi nao ni mila.

Mjini Wetzlar, kule Ujerumani, fundi Oskar Barnack alifanya kazi kwa Ernst Leitz, kampuni yenye kutengeneza mikroskopi. Aparei nyingi za wakati ule zilikuwa mzigo wa kubeba. Barnack alitaka kadogo kenye kuingia katika mfuko wa koti. Akachukua filime ya sinema ya milimetri 35, na mwaka 1925 Leica ikaingia sokoni. Mwaka 1932 Leica II ikapata kipima-umbali chenye kuungana na objektifu. Mpiga foto anachungulia, anaona sura mbili za mutu mmoja. Anazungusha objektifu mpaka zile mbili zinakuwa moja. Hapo foto itatoka safi. Njia hiyo ni ya haraka, haina kelele, na inafaa sana kwa mutu aliye karibu.

Lakini angalia, ndugu msomaji: jicho halipiti ndani ya objektifu. Linapita kando, katika dirisha lake. Ukiweka objektifu ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, shida tatu zinatokea. Kwanza, dirisha halivuti kitu sawa vile objektifu inavuta: ndege wa mbali anabaki nukta tu. Pili, madirisha ya kupimia yameachana kwa sentimetri chache tu, na kwa objektifu ndefu kosa dogo la kipimo linaharibu foto yote. Tatu, dirisha na objektifu haviangalii kutoka pahali pamoja, hivi kitu cha karibu kinaweza kukatwa kichwa. Hata Leica M3 iliyotoka baadaye, mwaka 1954, dirisha lake lilichora mipaka ya foto kwa milimetri 50, 90 na 135. Kupita pale, jicho halikuwa tena na kiongozi.

Leitz walileta dawa yao mwaka 1935. Ilikuwa kisanduku kilichoitwa PLOOT, neno fupi la kuagizia kwa telegramu. Kilifungwa katikati ya aparei na objektifu. Ndani, kioo kimelala mshazari. Mwanga ukitoka katika objektifu unagonga kioo na kupanda juu kwenye kioo cha ukungu, na mpiga foto anainama kuangalia. Sasa anaona kile kile ambacho objektifu inaona. Pamoja nacho ilikuja Telyt ya milimetri 200. Washindani wao Zeiss Ikon, wenye aparei ya Contax, nao walitoa kisanduku chao, Flektoskop, cha kutumia na Sonnar ya milimetri 180, ile iliyopata sifa kwenye Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936.

Je, kazi ikawa nyepesi? Hapana. Ulihitaji waya wa kubonyeza wenye ncha mbili: moja inainua kioo, ingine inafungua aparei, na ilipaswa kupimwa vizuri ili kioo kitangulie. Ukiangalia kutoka juu, kulia kunakuwa kushoto. Ndege akiruka huku, wewe unamfuata kule. Tena kisanduku kilikula nafasi. Objektifu ya kawaida, ikisogezwa mbele namna ile, haikuweza tena kupiga vitu vya mbali. Ilibaki ya kupiga maua na wadudu wa karibu. Njo maana kisanduku kilidai objektifu zake zenyewe.

Leitz hawakuchoka. Mwaka 1951 walitoa Visoflex. Karibu na 1960 ikaja ya pili, yenye mkono wa kubonyeza aparei bila ule waya wa ncha mbili. Kisha ya tatu. Kila mara kiraka kilishonwa vizuri kuliko cha kwanza. Lakini kilibaki kiraka.

Wakati huo wengine walikuwa wanajenga upya. Kule Dresden, Kine Exakta ya mwaka 1936 ilikuwa na kioo ndani ya mwili wake. Mwaka 1949 Contax S ikaongeza prizma, na kulia kukarudi kulia. Kisha, mwaka 1959, Wajapani wakatoa Nikon F. Hapa ndipo tunapenda tusimame kidogo. Nikon hawakutupa mila yao: walichukua mwili wa Nikon SP, aparei yao ya kipima-umbali, wakaweka kisanduku cha kioo katikati yake kwa daima. Kile ambacho Leitz walikifunga kwa nje, wao walikijenga kwa ndani. Waandishi wa habari wengi wakawafuata. Leitz walileta Leicaflex mwaka 1965, wakiwa wamechelewa, na Visoflex ya tatu iliendelea mpaka mwaka 1984.

Mutu anaweza kusema: basi mila ya Leica ilishindwa. Sisi hatusemi hivyo. Leica M yenye kipima-umbali inatengenezwa mpaka leo, miaka mingi kisha kisanduku kuachwa. Iliacha vitu vya mbali kwa aparei zingine, ikabaki na kazi iliyozaliwa nayo: kusimama karibu na mutu. Jina Visoflex nalo lilirudi mwaka 2014, likapewa kidirisha cha elektroniki.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kiraka si aibu; bila kile kisanduku, wenye Leica wasingeona mbali kwa miaka ile yote. Lakini kiraka kikishonwa mara ya tatu, wazee na vijana wakae pamoja na kuulizana: hii kazi ni yetu kweli? Kama ni yetu, tuijenge ndani ya nyumba, sawa Nikon walivyofanya. Kama si yetu, tuiache kwa wenyewe, na ile iliyo yetu tuishike kwa mikono miwili.