Kanda za Video za Familia: Namna ya Kubana Picha kwa Hifadhi ya Muda Mrefu

Katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, harusi, maulidi na maagano ya mahujaji yalirekodiwa kwa kamera za video za mkononi kabla simu zenye kamera hazijaenea. Kanda hizo, za aina ya VHS, Video8, Hi8 au MiniDV, zingalimo masandukuni na makabatini katika nyumba za Konde, Tumbe, Wingwi na Kiuyu. Kwa baadhi ya familia, kanda moja ndiyo pekee inayobeba sauti na mwendo wa mzazi aliyekwishatangulia mbele ya haki.

Kanda ya sumaku haidumu. Unyevu wa mwambao huotesha ukungu juu ya utepe na kulegeza gundi inayoshikilia chembe za sumaku. Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni deki za kuchezea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisitisha uzalishaji mwezi Julai 2016. Uchunguzi wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2019 chini ya UNESCO uliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo ambao baada yake kuhamisha kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno, kwa uhaba wa mashine, vipuri na mafundi. Mwaka huo umekwishafika.

Kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta huleta swali la ukubwa wa faili. Picha ya kanda ya VHS ikihifadhiwa bila kubanwa kabisa huchukua takriban gigabaiti 75 kwa saa moja, kiasi ambacho familia nyingi haziwezi kukimudu. Hapo ndipo ubanaji unapohitajika, nao ni wa namna mbili. Upo unaopunguza ukubwa pasipo kuondoa chochote, na upo unaotupa sehemu ya picha inayodhaniwa kuwa jicho halitaikosa. Kilichotupwa hakirudi, hata faili likibadilishwa baadaye kuwa kubwa.

Kanda ya MiniDV ina nafuu yake. Picha yake ilikwisha kubanwa ndani ya kamera wakati wa kurekodi, kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde. Inatosha kuihamisha kama ilivyo kwa waya wa FireWire, ambapo saa moja huwa takriban gigabaiti 13. Diski ya terabaiti moja huhifadhi zaidi ya saa 70 za namna hiyo. Kuibana upya nakala hiyo ya msingi ni kuipoteza ubora kwa faida ndogo.

Kwa VHS, Video8 na Hi8, nyaraka za taasisi nyingi duniani hutumia FFV1, mfumo wa ubanaji usiopoteza kitu, ambao maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa na IETF mwaka 2021 na unaopatikana bila malipo katika programu ya FFmpeg. Faili huwa kati ya theluthi na nusu ya ukubwa wa awali. Familia isiyokuwa na nafasi hiyo inaweza kutumia H.264, mfumo wa mwaka 2003 unaosomwa na takriban kila simu na kompyuta, lakini kwa kasi kubwa. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja huwa gigabaiti 3.6.

Sababu ya kuepuka kasi ndogo ni hii. H.264 hupunguza ukubwa kwa kutorudia kisichobadilika baina ya picha moja na inayofuata, kama ukuta ulio nyuma ya bibi harusi. Kanda kuukuu, hasa iliyorekodiwa usiku kwa mwanga hafifu, imejaa chenga, na kompyuta huziona chenga kuwa mwendo. Nafasi ikiwa finyu, huzigharimia chenga na kuzifuta nyuso. Watu waliokaa nyuma ya ukumbi hugeuka vivuli.

Aidha, picha za kanda za mfumo wa PAL zimeundwa kwa nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari yake ikipishana. Nakala ya msingi iachwe hivyo hivyo. Upishanaji uondolewe katika nakala ya kutazama tu, kwa picha 50 kwa sekunde, ili mwendo usikatike.

Faili linalotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hubanwa tena na huduma hiyo, hivyo lililopokelewa na jamaa aliyeko Maskati au Dar es Salaam lisihesabiwe kuwa hifadhi. Wala kanda yenyewe isitupwe baada ya kuhamishwa.

Wahifadhi wa nyaraka hushauri nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mkaazi wa Micheweni, hiyo ya tatu inaweza kukaa kwa ndugu Wete au Unguja. Diski isiachwe imechomekwa wakati umeme unapokatika na kurudi, na ifunguliwe walau mara moja kwa mwaka kuhakikisha mafaili yanacheza. Jina la faili litaje tarehe, mahali na shughuli, kwani bila wazee wanaozitambua sura, wajukuu watabaki na picha za watu wasiowajua.

Suala la mwisho ni sitara. Kanda nyingi za harusi zina upande wa wanawake, uliorekodiwa kwa kuaminiana kwamba hautatazamwa na wasio maharimu. Kumkabidhi fundi kanda hiyo ni kumpa nafasi ya kubaki na nakala. Familia inashauriwa kupatana naye mapema, kumtafuta fundi mwanamke pale anapopatikana, kuwapo wakati kazi inafanyika, na kuhakikisha mafaili yamefutwa katika kompyuta ya duka kabla ya kulipa. Sehemu hiyo ihifadhiwe katika faili la peke yake, ili nakala ya kugawana iweze kutolewa bila hiyo.