Margherita ni Lulu

Mwenzetu mmoja hapa Doha kaoa Mtaliano. Binti yao wanataka kumwita Margherita, jina la bibi yake mkewe. Watu wanacheka: jina la piza!

Jamani, tusiwe wepesi. Juni 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda kilele kirefu cha Rwenzori, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya mama wa mfalme wao. Wakonjo wa pale hawakuulizwa. Mlima haukuwa wake. Mtoto huyu ni wao wenyewe.

Tena asili ya jina ni Kigiriki, maana yake lulu, na Qatar kabla ya mafuta iliishi kwa kuzamia lulu. Aitwe Margherita, sisi tutamwita Lulu.