Upasuaji wa Kunyonya Mafuta (Mbulu na Hanang)

Upasuaji wa kunyonya mafuta ni njia ya kutoa mafuta yaliyo chini ya ngozi kwa mrija mwembamba wa chuma uliounganishwa na mashine ya kuvuta. Hufanywa zaidi tumboni, kiunoni, mapajani, mikononi, chini ya kidevu na, kwa wanaume, kifuani. Kazi yake ni kurekebisha umbo, si kupunguza uzito. Katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara haumo katika huduma za kawaida za hospitali. Anayeutaka husafiri kwenda mjini, akapasuliwa kwa saa chache, kisha akarudi nyumbani kuuguza kidonda kwa wiki kadhaa. Huko mjini ndiko macho ya watu yanakoelekea. Makala haya yatakaa zaidi na zile wiki za nyumbani.

Chimbuko

Jaribio linalokumbukwa kwa ubaya ni la Ufaransa miaka ya 1920, ambapo daktari mpasuaji Charles Dujarier alikwangua mafuta ya mguu wa mcheza dansi, mishipa ya damu ikaharibika na mguu ukakatwa. Mbinu ya mrija ilianza kwa Waitalia Arpad na Giorgio Fischer katikati ya miaka ya 1970, ikaboreshwa na Mfaransa Yves-Gérard Illouz. Mwaka 1987 Mmarekani Jeffrey Klein alichapisha mbinu inayotumika hadi leo, ya kuyajaza mafuta maji yenye dawa ya ganzi kabla ya kuyavuta. Zamani damu nyingi ilitoka pamoja na mafuta na wagonjwa wengine wakahitaji kuongezewa damu. Kwa mbinu ya Klein damu inayopotea ni kidogo sana.

Mafuta yapi hutoka

Mwili una mafuta ya namna mbili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, yale ambayo mtu akijifinya kiunoni yanaingia mkononi, na ndiyo watu wanayoyaita nyama uzembe. Yapo pia ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo nyuma ya misuli ya tumbo. Mrija haufiki huko wala haupaswi kufika. Mwanamume mwenye kitambi kigumu kama ngoma, kisichofinyika, hatapata chochote kwenye upasuaji huu.

Mafuta ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene waliotolewa mafuta mengi ya tumbo, kiasi cha kilo 10 hivi. Wiki 10 hadi 12 baadaye sukari, shinikizo na mafuta ya kwenye damu havikuwa vimebadilika. Kwa hiyo anayefuata afya ajue hapa si mahali pake. Vilevile tumbo lililolegea baada ya uzazi, ambalo misuli yake imeachana, halinyooki kwa kunyonywa mafuta. Linataka upasuaji mwingine wa kukata ngozi na kushona misuli.

Watu wengi huchanganya upasuaji huu na puto. Puto huingizwa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe upesi, na huduma hiyo ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, mwaka 2022. Mwaka uliofuata hospitali hiyo ya umma ilianza pia upasuaji wa kurekebisha maumbile, ukiwamo wa kuondoa mafuta. Kabla ya hapo Mtanzania mwenye uwezo alikwenda India, Uturuki au Nairobi. Bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo.

Si kila anayehitaji mrija huu anatafuta urembo. Dawa ya stavudini, iliyotumika sana Tanzania mwanzoni mwa tiba ya VVU, ilipunguza mafuta ya uso na miguu kwa baadhi ya watumiaji. Katika miaka hiyohiyo ya tiba wapo waliorundikiwa na mafuta tumboni na nyuma ya shingo, na nundu ya shingoni inaweza kunyonywa. Njia hiyohiyo hupunguza miguu na mikono iliyovimba kwa muda mrefu kutokana na njia za maji ya limfu kuziba, na kunyoosha nyama iliyohamishiwa kwenye makovu ya moto. Uvimbe wa mafuta ulio peke yake begani au mgongoni ni jambo dogo zaidi. Huo hukatwa kwa ganzi katika hospitali ya karibu, na hakuna haja ya kwenda Dar es Salaam.

Maandalizi

Daktari atauliza magonjwa, dawa, idadi ya uzazi na upasuaji uliotangulia. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji, awe alipasuliwa Haydom, Mbulu mjini au Katesh, aseme wazi na aonyeshe kovu. Chini ya kovu panaweza kuwa na ngiri isiyoonekana, na mrija ukipita hapo unaweza kutoboa utumbo. Aseme pia kama makovu yake huota na kuwa makubwa, kwani hata tundu la milimita chache linaweza kuacha kovu la namna hiyo.

Aspirini na diklofenaki husimamishwa kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa huongeza kutoka damu. Mbulu hulimwa vitunguu saumu vingi na wapo wanaovitafuna kila asubuhi kama dawa ya presha. Navyo hulainisha damu, basi vitajwe. Dawa za mitishamba zitajwe pia hata kama mtu anaona haya, na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huongeza uwezekano wa damu kuganda. Tumbaku ya aina yoyote, ugoro ukiwamo, iachwe wiki kadhaa kabla, maana huchelewesha kidonda kupona.

Siku yenyewe

Mgonjwa huchorwa kwa kalamu akiwa amesimama, kwa sababu akilala mafuta husogea. Halafu hupewa ganzi ya sehemu au nusu kaputi, kutegemea ukubwa wa kazi. Matundu madogo hutobolewa mahali pa kujificha, kama kitovuni au kwenye mkunjo wa paja. Maji ya chumvi yenye lidokeini na adrenalini humiminwa ndani mpaka sehemu inajaa na kuwa ngumu. Adrenalini hubana mishipa ya damu, ngozi ikapauka. Baada ya dakika kama 15 mrija wa milimita 2 hadi 5 huingizwa na kusukumwa mbele na nyuma, na chupa ya mashine hujaa mafuta ya njano yenye wekundu kidogo chini. Kazi huchukua saa 1 hadi 3. Kinachotolewa kikizidi lita 5, mgonjwa hulazwa aangaliwe usiku kucha.

Lidokeini haifiki kileleni katika damu hapohapo. Mara nyingi huchukua muda wa saa 12 hivi, wakati mgonjwa keshatoka chumba cha upasuaji. Masikio kuvuma, ulimi kufa ganzi, kuchanganyikiwa au degedege usiku ule ni dalili za dawa kuzidi. Kwa sababu hiyo pekee, kupanda basi jioni ya siku ya upasuaji ni kosa.

Kupona

Siku mbili za kwanza maji mekundu hafifu hutoka kwenye matundu na kulowesha shuka. Yanatisha, lakini ni yaleyale yaliyomiminwa. Plastiki chini ya shuka huokoa godoro. Uvimbe huongezeka hadi siku ya tatu au ya nne, na mizani inaweza kuonyesha uzito zaidi kuliko kabla. Hapo wengi hukata tamaa mapema. Michubuko myeusi hushuka hadi sehemu za siri au magotini, kisha hufifia kwa wiki mbili tatu. Ngozi hufa ganzi kwa wiki au miezi, na mafundo magumu huhisiwa chini yake. Sehemu kubwa ya uvimbe huisha baada ya wiki 4 hadi 6. Umbo lenyewe huonekana baada ya miezi 3 hadi 6.

Vazi la kubana huvaliwa usiku na mchana, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6. Khanga ya kufungia tumbo la uzazi si mbadala wake, kwa sababu hujikunja na kuteleza, na kila mkunjo huacha mfereji kwenye ngozi inayojipanga upya. Mazoea mengine ya uzazi ni ya hatari zaidi. Mama au shangazi atataka kukanda tumbo kwa maji ya moto kama anavyomkanda mzazi, na mgonjwa ambaye ngozi yake imekufa ganzi hatajua kuwa anaungua. Wanaomuuguza waambiwe hilo kabla hajarudi.

Vijitabu vya hospitali za mjini husema mtu hurudi kazini ndani ya wiki moja. Vinamaanisha kazi ya mezani. Kwa anayechota maji kwa ndoo ya lita 20, anayelima mahindi na maharage miteremkoni au anayetembea na ng'ombe kutwa nzima, hesabu ni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo msimu wa kulima si wakati wa kwenda. Kutembea taratibu huanza siku ileile, kwa kuwa kulala tu hugandisha damu miguuni.

Kukaa kwenye basi nako hugandisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbulu au Haydom ni zaidi ya kilometa 700, na wasafiri wa Mbulu wanaijua njia ya vumbi. Ni busara kukaa karibu na hospitali wiki moja hadi mbili, na gharama ya kulala na kula iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatari

Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu vifo 95 katika upasuaji 496,245, yaani karibu kifo 1 kwa kila 5,000. Sababu iliyoongoza ilikuwa damu iliyoganda kufika mapafuni. Nyingine ni utumbo kutobolewa, mafuta kuingia kwenye mishipa, maambukizi na dawa kuzidi. Mafuta yakichukuliwa na kuchomwa kwenye makalio hatari hupanda. Mwaka 2017 jopo la wapasuaji wa urembo lilikadiria kifo 1 kwa kila 3,000. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya Nairobi, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Kwa Tanzania, usajili wa daktari huulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kubanwa pumzi, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, homa, tumbo linalozidi kuuma, au ngozi inayogeuka rangi na kutoa harufu havisubiri simu ya kliniki ya mjini. Mgonjwa apelekwe Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na sasa ni ya rufaa ngazi ya mkoa, au hospitali ya wilaya iliyo karibu naye. Daktari atakayempokea huenda hajawahi kuushika mrija wa kunyonyea mafuta, lakini kuganda kwa damu, utumbo uliotoboka na sumu ya maambukizi anavijua. Kinachomchelewesha ni kutojua kilichofanyika. Karatasi ya ruhusa iandikwe sehemu zilizonyonywa, lita zilizotoka, kiasi cha lidokeini, aina ya usingizi, dawa alizopewa na namba ya simu ya mpasuaji. Na mgonjwa aiweke mahali ambapo watu wa nyumbani wanapajua.