UZI: Miti au ugali? Swali ambalo wafanyakazi walilijibu zamani

1. Kila mdahalo wa siasa ukifika kwenye tabianchi, watu wanagawanyika. Huku wanasema "tuokoe mazingira." Kule wanauliza "watu watakula nini?" Sisi watazamaji tunachagua upande kama wa mechi. Leo nataka kueleza kwa nini swali lenyewe limepinda, na ni wafanyakazi gani waliligundua hilo mapema. Twende polepole.

2. Nianze na nyumbani. Mjomba wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao kule Elburgon. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Siku 90 tu, tukaambiwa. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka 2023. Mjomba alilipwa siku alizofanya, akaambiwa angoje simu.

3. Msinielewe vibaya. Misitu ilikuwa inaisha kweli. Na sufuria kwa mjomba ilikuwa tupu kweli. Lakini katika mijadala niliyofuata wakati huo, niliwasikia wahifadhi na wenye viwanda. Yule aliyekuwa akibeba magogo sikumwona mezani hata siku moja. Shikilia hapo, tutarudi.

4. Sasa twende Marekani. Tony Mazzocchi, mzaliwa wa Brooklyn, alikuwa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki. Alikuwa kati ya waliopigania sheria ya usalama kazini ya 1970. Wanachama wake walishika sumu kila siku, na alijua viwanda vingine dawa yake ni kufungwa tu. Ila pia alijua jambo moja: mtu ukimwambia achague kati ya sumu na njaa, atachagua sumu.

5. Mazzocchi alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Askari wa Marekani waliporudi, sheria ya 1944 iliwalipia karo ili waanze maisha upya. Halafu 1980 nchi hiyo ikaunda mfuko wa kusafisha ardhi yenye sumu. Miaka ya 1990 mwanzoni yeye akauliza: kama udongo una mfuko wake, mfanyakazi je? Kiwanda kikifungwa kwa sababu ya mazingira, alitaka aliyefanya kazi humo aendelee kupata kipato na asomeshwe kazi nyingine. Wazo hilo ndilo tunaloita leo "mpito wa haki".

6. Ona alichosema na asichosema. Hakusema "msifunge." Alisema mkifunga, gharama isibebwe na mfanyakazi peke yake. Na tuwe wakweli, si vyama vyote vilimfuata. Chama cha wachimba makaa ya mawe cha nchi hiyo hiyo kilipinga Itifaki ya Kyoto ya 1997.

7. Vyama vya wafanyakazi duniani vilisukuma wazo hilo miaka mingi, likaingia kwenye Mkataba wa Paris wa 2015. Lakini liliwekwa kwenye dibaji. Na dibaji, ndugu zangu, haijawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

8. Uhispania walifanyaje? Oktoba 2018 serikali, vyama na kampuni za makaa ya mawe walitia sahihi makubaliano kabla machimbo mengi hayajafungwa mwishoni mwa mwaka. Euro milioni 250 kwa muda wa miaka kumi. Wachimbaji waliopita miaka 48 waliruhusiwa kustaafu mapema. Wengine wakapangiwa mafunzo, na kazi ya kurekebisha ardhi iliyochimbwa.

9. Linganisha na Komati, Mpumalanga, Afrika Kusini. Kituo hicho cha umeme wa makaa ya mawe kilizimwa Oktoba 2022. COSATU walikuwa na sera yao ya tabianchi tangu 2011, kwa hiyo wazo halikukosekana. Wafanyakazi wa kudumu walihamishiwa vituo vingine. Wa kandarasi, na mama wa chakula pale nje, wakabaki. Mtambo ulizimika kabla miradi mipya haijasimama.

10. Tofauti kubwa hapo ni kalenda: je, mnakubaliana kwanza au mnazima kwanza? Tofauti ya pili ni nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Mjomba hakuwa na chama wala mkataba. Wakenya wengi wako hivyo, kuanzia jua kali hadi boda boda. Chama kinachotetea wenye mkataba pekee kitamwacha.

11. Turudi Kenya. Fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 41 ni haki za wafanyakazi. Cha 42 ni haki ya mazingira safi. Wamekaa jirani kabisa! Sasa fungua Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyopitishwa 2016. Kwenye baraza la kitaifa, nje ya serikali, kuna kiti cha sekta binafsi, cha asasi za kiraia, cha jamii zilizotengwa na cha wasomi. Vyama vya wafanyakazi havikutengewa kiti.

12. Kwa hiyo mdahalo ujao, mwanasiasa wa upande wowote akikwambia uchague miti au ugali, mrudishie maswali matatu. Nani aliketi mezani kabla tarehe haijatangazwa? Kibarua asiye na mkataba amehesabiwa? Pesa ziko kwenye bajeti au kwenye dibaji?

13. Marufuku iliondolewa 2023. Simu ya mjomba haijalia mpaka leo. Kama wewe au mtu wa kwenu mliguswa na marufuku ile, tueleze hapa chini. Tunasoma.